Bustani ya mvua karibu na kisima: je, maji yatachafuka?

SWALI: Tunataka kuchimba bustani ya mvua (kibonde kifupi chenye mimea) pembeni mwa maegesho ya magari, maji yazame ardhini badala ya kukimbilia mtaroni. Kisima chetu kiko mita 40 kutoka hapo. Jirani anasema tutamimina oili na uchafu wa lami kwenye maji ya kunywa. Ni kweli?

JIBU: Ana sababu ya kuogopa, ila oili si ya kwanza kuogopwa. Fukua bustani iliyopokea maji ya barabarani kwa miaka, upime udongo wake: zinki ya matairi na mabati, shaba ya breki, na madini ya risasi utazikuta zimelundikana kwenye sentimita chache za juu. Ukifika nusu mita, mara nyingi zimeshapungua sana. Mfinyanzi na mboji huzing'ang'ania. Oili nayo hunasa hapohapo, kisha bakteria huimeng'enya polepole, mradi udongo upate hewa. (Nasema matone ya magari. Lori likimwaga petroli, hayo ni mengine.)

Kinachopenya ni kile kinachoyeyuka na kisichoshikika. Naitreti, aina ya nitrojeni inayotokana na mbolea, mboji na kinyesi, ina chaji hasi, na chembe za udongo kwa kawaida zina chaji hiyohiyo, basi inateremka na maji bila kizuizi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa. Ajabu ni kwamba mara nyingi haitoki barabarani, inatoka kwenye bustani yenyewe: watu hujaza mboji na mbolea ili mimea inawiri. Weka mboji kidogo, mbolea acha kabisa. Baadhi ya viua magugu hupita vivyo hivyo. Kwenye nchi za baridi kuna pia chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Kloridi yake haiozi wala hailiwi na bakteria, na chumvi hiyo huweza kuzibandua metali zilizokwisha kushikwa.

Mita 40 za mlalo hazinitulizi wala hazinitishi. Ninachotaka kujua ni kina: msimu wa mvua ukikolea, kati ya sakafu ya bustani na maji ya ardhini kunabaki udongo mkavu kiasi gani? Chini ya mita moja nisingekubali. Na kama mko juu ya mwamba wa chokaa wenye nyufa, maji yanaweza kufika kisimani kwa saa chache bila kuchujwa, hivyo mpango huo uacheni.

Mafundi wengine watawashauri mchimbe shimo refu lililojazwa mawe, kwa kuwa linanyonya haraka. Kataeni. Shimo hilo linaruka tabaka lilelile la juu linalofanya kazi yote niliyoieleza. Hakikisheni pia maji ya choo hayachanganyiki na ya mvua, maana virusi ni vidogo mno na kwenye mchanga wa chembe kubwa husafiri mbali. Tope linalojikusanya juu likwanguliwe kila baada ya miaka kadhaa, na lisitupwe kwenye shamba la mboga.

Kabla ya jembe la kwanza, pimeni kisima: naitreti, bakteria wa kinyesi na kloridi. Rudieni baada ya kila msimu wa mvua. Bila kipimo cha mwanzo, naitreti ikipanda hamtajua mlaumu bustani au shimo la choo lililokuwepo siku zote.