Ulizeni Fundi: Swichi tatu ukutani, bibi anatembea na tochi

SWALI: Habari za kazi fundi, pole na majukumu. Niko Uyole, Mbeya. Tumehamia kwetu mwaka huu na mume wangu kwa kupenda mambo ya kisasa akaweka balbu smati nne kwenye korido inayotoka sebuleni mpaka vyumbani, afu akaagiza swichi smati tatu za kugusa, moja mlango wa sebule, moja katikati, nyingine karibu na chumba cha bibi huko mwisho. Fundi alivuta waya wa taa mpaka swichi ya sebuleni tu, hizo mbili zimeunganishwa na balbu kwenye apu. Sasa ukizima ya sebuleni basi zile mbili hazifanyi kitu kabisa, apu inasema taa haziko hewani, bibi akitaka kwenda msalani usiku anatumia tochi ya simu. Fundi anasema tatizo ni balbu, mume anasema fundi hajui kazi. Nani mkweli?

JIBU: Dada yangu, kila mmoja ana nusu, na anayeumia ni bibi.

Hapo hakuna kilichoharibika. Balbu smati ndani yake kuna redio na kijikompyuta kidogo, na hivyo vinataka umeme saa zote hata taa ikiwa imezimwa. Kuizima maana yake ni kuiambia izime, sio kuikatia umeme. Sasa hiyo swichi ya sebuleni japo inaitwa smati, ndani ina rilei, yani kiswichi kidogo cha kukata na kuunga umeme, hiyo inayolia tak ukigusa, na ile tak ndo layini (waya unaoleta umeme) inakatwa. Balbu zote nne zinakufa na redio zake. Bibi akigusa ya kwake, swichi inatuma ujumbe vizuri tu ila ni kama kumpigia mtu aliyezima simu, utapiga mpaka asubuhi.

Kwa hiyo kanuni ni moja: ukishaweka balbu smati, hakuna swichi ukutani inayoruhusiwa kukata umeme wake, swichi zote ziwe za kutuma ujumbe tu. Kwenu mbili tayari ziko hivyo, imebaki hiyo ya sebuleni.

Kabla hujamwita fundi ingia kwenye apu, fungua mipangilio ya hiyo swichi, tafuta sehemu ya kutenganisha kitufe na rilei. Baadhi ya swichi za Shelly na Sonoff zinayo, rilei inabaki inapitisha umeme muda wote na kitufe kinakuwa cha kutuma amri tu. Ukiikuta umemaliza, hakuna bisibisi. Usipoikuta basi fundi azime meni swichi, afungue kiboksi, layini aiunge moja kwa moja na waya unaopanda kwenye taa kwa konekta (sio kusokota na kufunga selotepu, hiyo nimeiona sana na inaunguza), swichi ibaki na layini na nyutro (waya wa kurudishia umeme) yake ya kujiendesha, upande wa kutolea umeme ukae mtupu. Kuanzia hapo ukitaka kukata umeme wa korido kweli, mfano kubadilisha balbu, unashusha breka. Na awe fundi mwenye leseni ya EWURA, hii ni layini ya volti 230 hatuchezi nayo.

Sasa utamu wake uko kwenye hizo amri zenyewe maana hapa ndo wengi wanakwama afu wanasema vitu vya smati havifai. Usiziunganishe balbu mojamoja na swichi. Tengeneza kundi moja, liite korido, weka balbu zote nne humo, afu swichi zote tatu ziongee na kundi. Kama vifaa vyenu ni vya Zigbee (mawasiliano ya redio ya vifaa smati, tofauti na wifi) amri ya kundi inatoka mara moja na balbu zote zinaisikia pamoja, zinawaka kwa mpigo, ila ukituma mojamoja utaona zinawaka kwa foleni, ya kwanza, ya pili, ya tatu, inakera.

Na angalia swichi inatuma amri gani. Kuna amri ya geuza, yani kama imewaka zima na kama imezima washa. Ni nzuri kwa balbu moja. Kwa kundi ina kituko chake: kila balbu inageuza hali yake yenyewe, kwa hiyo siku moja ikikosa ujumbe, basi ukigusa tatu zinawaka na moja inazima, ukigusa tena ile moja inawaka na tatu zinazima, mnaweza kukesha. Bora kitufe cha juu kiwe cha kuwasha na cha chini cha kuzima. Kama kila swichi ina kitufe kimoja tu, weka kanuni kwenye apu iangalie kwanza kama kuna taa yoyote ya kundi inawaka, ikiwepo izime zote, isipokuwepo iwashe zote.

Sasa maoni yangu, mume asinichukie. Korido haihitaji balbu smati. Hamkai pale mkibadilisha rangi ya taa, mnapita. Ningekuwa mimi ningehamishia hizo balbu nne sebuleni au vyumbani, korido nikaweka balbu za LED za kawaida, ile swichi ya sebuleni yenye rilei ikawa ndo inakata na kuwasha kama ilivyo sasa, na hizo mbili nikaziambia kwenye apu ziifuate hiyo ya kwanza. Apu kama Smart Life zina sehemu ya kufungamanisha swichi kadhaa kwenye taa moja, ila hakikisha swichi zenu zinaikubali. Hapo hata mtandao ukifa, ya sebuleni bado inafanya kazi kwa mkono. Na kama mngekuwa bado hamjapiga plasta ningewaambia kitu cha kizamani kabisa, tu-wei huku, tu-wei kule na intamidieti katikati (swichi za kawaida za kuwashia taa moja kutoka sehemu tofauti), swichi tatu taa moja bila intaneti wala apu, mafundi wameifunga hiyo tangu wazee wetu na bibi asingejua kama kuna shida.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepanga Gangilonga, Iringa, chumba na sebule. Nataka taa ya chumbani niiwashie mlangoni na kitandani, baridi ya huku mwezi wa saba kutoka kwenye blanketi kuzima taa ni adhabu. Nilinunua swichi smati, fundi akafungua ukuta akasema hakuna nyutro, na mwenye nyumba hataki waya uguswe. Balbu smati ninayo ya wifi natumia hotspoti ya simu, bando likiisha inagoma, na siku umeme ukichezacheza inaanza kupepesa haitulii tena.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo swichi irudishe dukani kama bado wanaipokea. Nyumba nyingi kwenye kiboksi cha swichi kinashuka layini na waya wa kwenda taani basi, nyutro imeishia juu darini. Zipo swichi zisizohitaji nyutro lakini zenyewe zinaishi kwa kupitisha kaumeme kadogo kwenye taa, na ukizichanganya na balbu smati ndo utaona mapepe kweli, usijaribu. Wala usije ukaweka balbu smati nyuma ya dima, ile swichi ya kupunguza mwanga.

Wewe mpangaji dawa yako ni vitufe vya betri. Vinabandikwa ukutani kwa gundi, ndani kuna kale kabetri ka duara, hakuna waya wa mwenye nyumba unaoguswa, na siku ya kuhama unabandua unaondoka navyo. Kimoja juu ya swichi ya mlangoni, kingine ubavuni mwa kitanda. Swichi ya zamani iache ON moja kwa moja, weka hata kipande cha selotepu ili mgeni asiizime.

Kupepesa hakujaua balbu yako. Balbu nyingi za namna hii ukiiwasha na kuizima haraka haraka mara kadhaa inaelewa unataka kuiunganisha upya, inasahau mtandao wako na kuanza kupepesa. Umeme ukichezacheza inadhani ni wewe. Iunganishe tena tu.

La bando ndo lenye pesa kidogo. Balbu ya wifi inategemea mtandao wa kwenye simu yako, ukitoka na simu umetoka na mtandao wake, na kitufe kikibonyezwa amri mara nyingi inasafiri mpaka seva nje ya nchi ndo irudi chumbani kwako. Kama una uwezo nunua balbu ya Zigbee na habu yake (kijisanduku kinachounganisha vifaa vya Zigbee na apu), amri inaishia humo humo ndani. Tena vipo vitufe vya Zigbee vinavyofungwa moja kwa moja na balbu, hata habu ikizima kitufe kinaendelea kuwasha taa. Uliza kabla ya kununua maana sio vyote. Habu usiibananishe na rauta, zote ziko kwenye masafa ya gigahezi 2.4 zitasumbuana.

SWALI: Fundi mimi niko Njombe mjini. Umeme ukirudi saa nane za usiku taa smati zote zinawaka zenyewe, watoto wanaamka. Na je zikiwa zimezimwa kwenye apu zinakula luku?

JIBU: Kwenye apu fungua kila balbu, tafuta mpangilio wa hali ya taa umeme ukirudi. Kiwandani nyingi zinawekwa ziwake, ili aliyezima ukutani akiwasha apate mwanga. Wewe chagua ibaki ilivyokuwa, vyumba vya watoto weka izime kabisa. Balbu isiyo na huo mpangilio itoe chumbani uipeleke nje barazani, huko ikiwaka saa nane ni faida.

Luku zinakula, kidogo. Tuseme balbu moja inasubiri kwa nusu wati, kwa mwezi wa siku 30 ni kama uniti 0.36, balbu kumi ni uniti 3.6. Kwa mwenye matumizi makubwa haionekani. Ila kama uko kwenye ile tarifu ndogo ya uniti 75 kwa mwezi na kila mwisho wa mwezi unapita ukingoni, basi taa za stoo na choo cha nje rudishia za kawaida.