Usiitupe hiyo albamu kwanza, mamangu

Mama wa Kisauni, umeuliza kama umnyang'anye kijana wako albamu ya bendi ya Norma Jean, "Bless the Martyr and Kiss the Child", kwa kuwa kelele zake hazifanani na Injili. Nakuelewa. Mimi mara ya kwanza nilidhani spika imepasuka!

Ni hadikoo ya Kikristo, yaani roki kali yenye mayowe, kutoka Marekani mwaka 2002. Nguvu yake ni uchungu usiopakwa sukari: mwimbaji wao Josh Scogin analia kama mtu wa zaburi za maombolezo, na ngoma na magitaa yanagongana kwa makusudi. Udhaifu? Maneno hayashikiki bila kuyasoma, mafumbo yamezidi, na kuna wimbo mmoja wa kama dakika 15. Huo mimi huuruka.

Keti naye, msome maneno pamoja, umuulize yeye anasikia nini. Kuipiga kanisani, la, wazee watakimbia. Apunguze sauti ya visikizi. Masikio yakimvuma, daktari. Ila akigoma kula, akikosa usingizi na kujitenga na wenzake, shida si muziki tena: mtafutie mshauri nasaha mapema.