Kalenda moja, programu mbili: maswali yenu kuhusu maktaba za pamoja

Tuna programu huria mbili, ya zahanati na ya duka la dawa. Vitufe, fomu na kalenda tunanakili tu kutoka moja hadi nyingine. Kuna ubaya? (Kisumu)

Upo, tena mkubwa. Karani wa mapokezi akiandika 03/04, programu moja inasoma tarehe 3 Aprili, nyingine Machi 4. Mnarekebisha ya zahanati, ya duka la dawa mnaisahau, na mgonjwa ni yule yule. Itoeni kalenda hiyo iwe maktaba moja, yaani furushi la msimbo lililoandikwa mara moja, programu zote mbili ziitumie. Mfano hauko mbali: OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, iliyoanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa watu wa Eldoret na Indiana, Marekani. Toleo lake la 3 limegawanywa vipande vinavyojitegemea, lakini vitufe na mitindo vinatoka sehemu moja, juu ya Carbon, mkusanyiko wa vitufe na mitindo wa kampuni ya IBM. KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa Kenya, nayo imejengwa juu ya OpenMRS, kwa hiyo kitufe kikitengenezwa huko, faida inaweza kumfikia hata muuguzi wa huku kwetu.

Nianze na maktaba kabla ya programu yenyewe? (Mwanafunzi, Maseno)

Hapana. GTK, maktaba ya vitufe na madirisha, ilizaliwa ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha. Mradi wa GNOME, unaotengeneza skrini kuu ya kompyuta za Linux, uliichukua mwaka 1997 ikiwa tayari inafanya kazi. Andika programu kwanza.

Wenzetu wakigusa maktaba, programu yetu inakufa. Tufanyeje? (Nakuru)

Kubalianeni kuhusu namba za toleo. Katika 2.4.1, ile 1 ni marekebisho ya hitilafu, 4 ni nyongeza zisizovunja kitu, na 2 hupanda pale tu mnapovunja cha zamani. Nyinyi bakini na toleo lile lile mnalotumia, mhamie jipya baada tu ya kulijaribu. Lakini namba hazitoshi: lazima awepo mtu wa kila timu anayepitia mabadiliko kabla hayajaingia. Maktaba isiyo na mlezi ni heri isiwepo, na hili nalisema kwa uzito wote.

Tafsiri za Kiswahili ziwekwe wapi? (Kakamega)

“Hifadhi”, “Ghairi”, majina ya miezi na ujumbe wa makosa ya fomu viwekwe kwenye maktaba, vitafsiriwe mara moja kwa wote. Majina ya dawa na vipimo yabaki ndani ya programu husika, chini ya watu wanaoijua kazi hiyo.