Dokta bila makaratasi

Mdogo wangu, swali lenu ni lile lile kila sikukuu: mtu kasoma Ujerumani, kahamia Uingereza, sasa yuko Marekani, miaka kumi na tatu yuko majuu, inakuwaje hana makaratasi ya ukaazi wa kudumu, na yule wa mtaa wa pili aliyekwenda kubeba maboksi anayo? Mbeba maboksi alitulia nchi moja. Msomi hufuata ufadhili, na kila akivuka mpaka hesabu ya miaka inaanza upya.

Ujerumani mnaisifia kwa kuwa vyuo vingi vya umma havina ada. Kweli. Ila usipokuwa na ufadhili, viza inadai kwanza euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, nawe unachota 992 kwa mwezi, basi. Msiuze kiwanja kwa ajili hiyo.

Kwenye uzamivu (PhD, ule udokta wenyewe), kinachoponza watu ni utafiti wa uwandani. Unarudi Mafia au Kigoma mwaka mzima kukusanya data, kumbe kibali cha kuishi Ujerumani hufa chenyewe ukikaa nje zaidi ya miezi 6. Kabla ya kupanda ndege, peleka ofisi ya wageni barua ya msimamizi yenye tarehe ya kuondoka na ya kurudi, uombe muda mrefu zaidi kwa maandishi. Kwa maandishi! "Hakuna shida" ya karani haionyeshwi uwanja wa ndege.

Uingereza, ukiwa mwanafunzi, wanakutoza huduma ya afya pauni 776 kwa mwaka, na unalipa miaka yote ya viza kwa mkupuo, kabla hujaumwa hata mafua. Ukija na mke na mtoto, zidisha kwa tatu. Hela ya kujikimu ilale benki siku 28 mfululizo. Ikipungua chini ya kiwango hata siku moja, kwa kuwa shangazi alikopa akarudisha kesho yake, wanakunyima. Nenda kapime kifua kikuu kwenye kituo wanachokitambua wao, maana cheti cha hospitali ya wilaya hakitakusaidia.

Marekani ndiko kwenye uvumi mwingi. Mtu akirudi mnanong'ona kafukuzwa. Wengi walikuja kwa J-1, viza ya wanaokuja kwa programu za kubadilishana. Ukilipiwa na serikali, yao au ya kwetu, sharti urudi ukae nyumbani jumla ya miaka 2 ndipo uombe ukaazi wa kudumu au viza ya kazi ya H-1B. Msamaha upo, ila kuupata ni jasho. Soma sehemu ya chini ya DS-2019, fomu ya hiyo J-1, kabla hujasaini, usingoje mwaka wa nne.

Kuhusu hela: mwanafunzi wa uzamivu Ujerumani mara nyingi hulipwa nusu mshahara au asilimia 65, na maabara anaingia asubuhi anatoka usiku. Akituma euro 50, pokeeni.

Basi msije? Njooni. Chagueni nchi moja mkae hapo hapo. Lakini msimamizi anayeijua mada yako akiwa nchi nyingine, mfuate, maana msimamizi mbovu atakumaliza kuliko uhamiaji. Hata kiwanja, kama ni kile cha kwenye mkondo wa maji, uza tu.

Na yule mbeba maboksi msimcheke. Dokta akikwama kati ya mkataba na mkataba, kwake ndiko anakolala.