Maswali ya Wasomaji: Kodi Sawa, Mifuko Isiyo Sawa

Barua za mwezi huu zimetoka Mbeya, Njombe na Iringa, na ingawa waandishi wake hawajuani, wanauliza jambo moja: kwa nini sera iliyotungwa kwa ajili ya wote humwelemea zaidi mwenye kidogo? Tumechagua barua tatu. Majina ya waandishi hatuyachapi, kwa kuwa wawili kati yao wameomba iwe hivyo.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mama lishe hapa Mabatini, jijini Mbeya. Nimepanga chumba na sebule katika nyumba yenye wapangaji wanne, na kila mmoja ana mita yake ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Kila mwezi ninaponunua umeme kwa mara ya kwanza hukatwa shilingi 1,500 ya kodi ya jengo. Mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam. Nilipomwomba anipunguzie kwenye kodi ya pango alinijibu kuwa nikiona mzigo ni mzito nihame. Je, kodi ya jengo ni yangu au ni yake? Na kwa nini ninakatwa sawa na wenye majumba ya mtaa wa Forest?

JIBU: Marahaba, mama. Kodi hiyo ni yake. Kisheria, kodi ya jengo ni deni la mmiliki wa jengo na si la anayelala ndani yake kwa kupanga. Kilichobadilika Agosti 2021 ni njia ya kuikusanya: badala ya mmiliki kwenda kulipa mwenyewe, kodi iliunganishwa na ununuzi wa umeme, nyumba ya kawaida ikikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi na nyumba ya ghorofa shilingi 5,000 kwa kila ghorofa. Julai 2023 viwango hivyo vilipanda na kuwa shilingi 1,500 na shilingi 7,500. Njia hii ni nyepesi kwa mkusanyaji, kwa sababu hakuna anayekubali kukaa gizani. Lakini mita haijui nani ana hati ya nyumba na nani ana mkataba wa pango. Inamkata yule aliyeshika simu na kununua umeme, na katika miji yetu mtu huyo mara nyingi ni mpangaji.

Tuliangalie kwa karibu hilo la kukatwa. Kwa bei ya shilingi 292 kwa yuniti, ukiongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya msimamizi wa nishati, yuniti moja inafika takriban shilingi 356. Umeme wa shilingi 5,000 ungekupa yuniti 14. Baada ya kukatwa 1,500 unapata chini ya 10. Wewe unayeamka saa kumi alfajiri, katika baridi ya Mbeya ya mwezi Juni, kuwasha taa na kuanza kukanda unga wa chapati, unajua yuniti nne zina uzito gani. Usiponunua umeme mwezi mzima, kodi haikusamehi. Inakusubiri mwezi unaofuata ikiwa 3,000.

Katika barua yako kuna jambo ambalo huenda hukulitilia maanani. Umesema nyumba ni moja na mita ni nne. Kodi hii ni ya jengo, si ya mita, na utaratibu uliotangazwa ni kwamba jengo lenye mita zaidi ya moja likatwe kupitia mita moja tu, mmiliki akishatoa taarifa. Kama wapangaji wote wanne mnakatwa, basi jengo hilo linalipiwa shilingi 6,000 kwa mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka badala ya 18,000. Nendeni pamoja, si mmoja mmoja, mkiwa na namba za mita zote nne na jumbe za manunuzi, mkaeleze katika ofisi ya mapato ya wilaya. Kisha mwandikieni mwenye nyumba, kwa maandishi, kuwa kiasi kitakachoendelea kukatwa kitapunguzwa kwenye pango. Mpangaji mmoja huambiwa ahame. Wapangaji wanne wakisema kwa sauti moja, mwenye nyumba hulazimika kupiga hesabu ya vyumba vinne vitupu. Zaidi ya hapo, kama mmiliki ana umri wa miaka 60 au zaidi na anaishi katika nyumba yake, sheria inamsamehe. Lakini huyo wenu, kwa maelezo yako, haishi hapo.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Kodi ya jengo kwa asili yake hufuata thamani ya jengo. Tulipohamia kiwango kimoja, nyumba ya tofali za kuchoma iliyoezekwa bati chakavu ikawekwa fungu moja na nyumba ya chini yenye vyumba nane, vigae sakafuni na uzio wa umeme, mradi zote mbili si ghorofa. Watetezi wa utaratibu huu husema kuthamini kila nyumba ni kazi ya gharama na ya miaka mingi, na wanasema kweli. Hata hivyo, naona si haki wepesi wa kazi ya ofisini ulipiwe na mtu mwenye chumba kimoja.

Wala jambo hili si geni kwetu. Utawala wa Kijerumani ulitoza kodi kwa kibanda, ukihesabu paa bila kuuliza aliye chini yake ana nini. Baada yake ikaja kodi ya kichwa ya Mwingereza. Na wazee wetu wa Rungwe na Mufindi wanaikumbuka vizuri kodi ya maendeleo, iliyowafanya wanaume wazima wakimbilie migombani wanapomwona mgambo, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Zote zilikuwa na sura moja: kiasi kile kile kwa kila mtu. Cha kusikitisha ni kwamba sheria zetu wenyewe zinaijua njia iliyo bora, kwa sababu mshahara hautozwi hivyo. Anayepokea hadi shilingi 270,000 kwa mwezi hakatwi kodi ya mapato, na kiwango hupanda kwa ngazi hadi asilimia 30 kwa sehemu inayozidi milioni moja. Kama tumekubali kuwa mshahara mdogo uachwe upumue, sioni kwa nini chumba kidogo kisiachwe.

SWALI: Kamwene, mhariri. Mimi ni mkulima wa viazi na mahindi mkoani Njombe, nimelima tangu ujana wangu. Viazi tunauza kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Ukikataa, mnunuzi anavuka mtaro kwenda shamba la jirani. Mahindi nayo, kila bei inapotaka kupanda tunasikia mpaka umefungwa. Mbolea ya ruzuku tumeiona na tunashukuru, lakini kile tunachopewa kwa mkono wa kulia naona kinachukuliwa na wa kushoto. Je, nimekosea?

JIBU: Kamwene, mzee wangu. Hukukosea, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Sheria ya Vipimo inakataza mazao kufungashwa katika gunia linalozidi kilo 100. Kila mwenye kupita barabara kuu kati ya Makambako na Igawa ameona jinsi inavyofuatwa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kijana analisimamia na kulishindilia kwa miguu, kisha kilemba kinasukwa juu kwa kamba na viazi vinaongezwa mpaka gunia linakuwa na kichwa na mabega kama mtu. Bei iliyopatanwa ilikuwa ya gunia. Kilichobebwa ni gunia na nusu yake. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mmekubaliana shilingi 60,000 kwa kilo 100, lakini gunia lililopakiwa lina kilo 140. Kilo 40 zimeondoka bure, na kwa bei yenu wenyewe ni shilingi 24,000. Katika magunia kumi umepoteza 240,000. Agosti 2022, pale uwanja wa Nane Nane jijini Mbeya, Serikali ilizindua ruzuku iliyoshusha mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya Urea au DAP hadi shilingi 70,000. Maana yake ni kwamba lumbesa kumi zimebeba mifuko mitatu ya mbolea yako na chenji juu. Mkono wa kushoto ulioutaja ndio huo.

Kosa la ukaguzi wetu ni mahali unapofanyika. Lori hukamatwa barabarani, likiwa limeshatoka shambani, na faini inayotozwa hairudi kwa aliyepunjwa. Mizani ingekuwa pale viazi vinapong'olewa, au katika kituo kimoja cha kijiji ambacho ndicho pekee mnunuzi anaruhusiwa kupakia, hoja ya jirani kukubali lumbesa ingekufa, kwa kuwa jirani naye angepimiwa hapo hapo. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo ya namna hiyo na kuipeleka wilayani ikaidhinishwe. Najua ni safari ndefu. Lakini mkulima mmoja mmoja akiachwa apambane na mnunuzi mwenye lori, matokeo tunayajua.

Kuhusu mahindi, kumbukumbu yako ni sahihi. Mwaka 2011 uuzaji wa mahindi nje ulizuiwa, na Juni 2017 ukazuiwa tena, safari hii kwa masharti kwamba anayetaka kuvusha avushe unga. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa chakula, na siwezi kuidharau, kwa maana njaa ikiingia humkuta kwanza maskini wa mjini na kijijini asiye na shamba. Ila tujiulize gharama ya usalama huo ilibebwa na nani. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini yana njia mbili kuu: kwenda Dar es Salaam, au kuvuka Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Ukifunga moja, bei ya nyingine huanguka, na ndivyo ilivyotokea. Magunia yalibaki maghalani yakisubiri wadudu dumuzi. Aliyekuwa na kinu na mtaji alinunua mahindi kwa bei ya chini na kuvusha unga kwa bei ya juu. Aliyekuwa na jembe la mkono na mahitaji ya mtoto wa kidato cha kwanza ya kununua akauza kwa bei iliyokuwapo. Ilikuwa kodi kamili, isipokuwa haikupita bungeni wala haikuandikwa kwenye risiti yoyote.

Wewe uliyelima tangu ujana utakumbuka pia kuwa sera iliwahi kuelekea upande wenu. Katika miaka ya sabini Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, mtu wa Sumbawanga akilipwa sawa na mtu aliye karibu na reli, na mbolea ikawa na ruzuku. Ndipo Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikaitwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Utaratibu ule ulikuwa na maradhi yake: malipo yalichelewa, shirika likazama katika madeni, na hazina haikuweza kuubeba. Lakini ulipoondolewa wakati wa mageuzi ya uchumi ya miaka ya themanini, na ruzuku ya mbolea ikafuata kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya tisini, gharama yote ya umbali iliwekwa begani kwa mkulima wa huku, hali barabara za kumfikia zilikuwa za udongo. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kuwa soko ndilo limeamua. Soko liliachwa liamue, na walioacha walikuwa watu waliokaa mezani na kupiga kura.

SWALI: Mhariri, mimi ni kijana wa Kilolo, nimemaliza chuo na sina ajira. Kiongozi mmoja alikuja kijijini akatuambia umaskini wetu ni uvivu. Sisi watu wa kawaida tunaweza kubadili nini, au tunyamaze?

JIBU: Msinyamaze, mdogo wangu. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha asilimia 26.4 ya Watanzania wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Vijijini ni asilimia 31.3, mijini 15.8. Ukimtazama mama wa Kilolo anayepanda mlima na tenga la nyanya kichwani na mtoto mgongoni, huwezi kuniambia kuwa tofauti hiyo imeletwa na uvivu wa vijijini.

Kuhusu kubadili, kumbuka tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 15, 2021, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu walilalamika mijini na vijijini, mawakala wakaona wateja wakirudia kutuma fedha kwa dereva wa basi, na kabla Septemba haijaisha tozo ilikuwa imepunguzwa kwa asilimia 30; mwaka uliofuata ikapunguzwa tena.

Anza na kilicho karibu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Dai taarifa ya mapato na matumizi isomwe na ibandikwe ubaoni. Uliza ushuru wa mazao uliokatwa msimu huu ni kiasi gani, na ni kiasi gani kimerudi kijijini. Kisha uliza kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria inaitenga kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Uliza ni vikundi vingapi vya vijana wa kata yako vimeipata, na uombe majina ya vikundi hivyo yasomwe hapo hapo mkutanoni, mbele ya wanaovifahamu.