Usimwongezee mama kidonge ili sukari isome 5

Usimpe hicho kidonge cha pili. Umeeleza kwamba mama ana miaka 71, ana kisukari na presha, magoti yanamsumbua na figo zimeanza kuchoka. Anameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, ya 5 mg kila asubuhi, akiamka mashine ya sukari inasoma 7.8 (mmol/L). Sasa unataka umwongezee 5 mg za jioni na umkatie ugali wa usiku mpaka isome 5. Mkuu, kosa hilo nimelifanya kwa mzee wangu, ndiyo maana naandika kwa ukali.

Hiyo 7.8 haina shida. Kwa mzee mwenye maradhi kadhaa kama yeye, Chama cha Kisukari cha Marekani kinakubali asubuhi 5.0 hadi 8.3, na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi, chini ya asilimia 8. Mama yako yumo tayari.

Glibenklamidi, ambayo wengi wanaiita Daonil, inakamua kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Ikishavunjwa mwilini, mabaki yake bado yana nguvu na yanategemea figo kutoka. Figo zikiwa nzito, dawa ya jana inakutana na ya leo. Orodha ya dawa muhimu ya WHO imeandika wazi kwamba haifai kwa aliyepita miaka 60, na inayotajwa hapo ni gliklazidi, dawa ya kundi hilohilo. Hilo ndilo la kwenda kumuuliza daktari.

Sasa ona mpango wako unavyokwenda. Saa moja jioni amekula mchicha na kipande cha parachichi, akameza kidonge. Saa tisa usiku sukari iko 2.6. Shuka imelowa jasho mgongoni, anamwita ndugu aliyekwisha kufa, ukimshika anakusukuma. Mmoja atasema malaria imepanda kichwani, mwingine mapepo, mwingine kiharusi, na mashine iko kabatini hakuna anayeikumbuka. Kama dawa yake ya presha ni atenololi au propranololi, hata kutetemeka na moyo kwenda mbio hamtaviona. Litabaki jasho tu.

Ikisoma chini ya 4 na anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Chokoleti iacheni, mafuta yake yanachelewesha. Subiri dakika 15, pima, ikiwa bado iko chini rudia, kisha ale uji au mkate. Akiwa hajitambui msimtie chochote mdomoni, mlazeni ubavu mkimbie hospitali. Na hata akizinduka mpelekeni, kwa sababu kidonge hiki kinaweza kumshusha tena saa kadhaa baadaye, nyie mmeshalala.

Wanaotuponza ni hawa wauza dawa za majani yaliyosagwa kwenye magrupu ya WhatsApp, wanaohubiri kwamba sukari ikizidi 5 unaoza taratibu. Wanachukua namba ya mtu asiye na kisukari wanambebesha bibi anayemeza dawa! Inaniudhi mno. Mwaka 2008 utafiti wa ACCORD kule Marekani na Kanada, wenye wagonjwa 10,251, ulilazimika kusimamisha upande uliobanwa ufike HbA1c chini ya asilimia 6, maana walikufa 257 wakati upande wa pili walikufa 203.

Na mama mwenyewe umemuuliza? Kijana wa miaka 35 anayetumia metformini, dawa nyingine ya kisukari, peke yake akitaka HbA1c ya asilimia 6.5 namuelewa, ana macho na figo za kulinda miaka mingi, na dawa hiyo ikiwa peke yake ni nadra kumshusha sukari kupita kiasi. Mama anaweza kuchagua ugali wa ngumi moja na wajukuu jioni, aamke anakumbuka jina lako, akubali mashine isome 8 asubuhi. Mwili ni wake, akae na daktari wapange.

Leo mpime kabla hajalala. Ikiwa chini ya 5.6, ale kitu. Weka kengele ya simu saa tisa usiku umpime tena, na asubuhi tena. Namba zote tatu ziandike kwenye daftari, ubebe na maboksi ya dawa zake zote mwende kliniki.