Jibu: Namna ya kuyashika maneno kama reniform, deltoid na falciform

Mkuu, umeuliza tunayashikaje maneno ya Kiingereza ya maumbo, maana kitabu chako cha biolojia kimejaa kina reniform na deltoid. Mimi nilisomea utabibu, na mwaka wa kwanza niliyakariri kama kasuku. Kwenye mtihani wa mifupa ya kifundo cha mkono, scaphoid na lunate zikanichanganya, nikakosa zote mbili. Iliniuma sana.

Aliyenifungua macho ni mkufunzi wa maabara. Aliniwekea kwenye darubini vimelea vya malaria vya hatua ya uzazi, gametosaiti, vimejipinda kama mwezi mchanga, akaniuliza vinafanana na nini. Nikasema mundu. Akaniambia aliyekiita kimelea hicho falciparum aliona hivyohivyo: kwa Kilatini falx ni mundu, na falciparum ni mbeba mundu. Kano ya ini iliyopinda nayo ni falciform. Na sisi je, selimundu tumeipataje? Kwa njia hiyohiyo.

Tangu hapo kila neno nalikata mkia kwanza. Mkia -form ni wa Kilatini, maana yake umbo. -Oid ni wa Kigiriki, maana yake mfano wa kitu. Kinachobaki mara nyingi ni kitu cha kila siku: ren ni figo, pisum ni njegere (ndiyo pisiform, mfupa mwingine wa kifundo cha mkono), skaphe ni mashua. Delta ni herufi ya Kigiriki ya pembetatu, ndiyo ileile ya Delta ya Rufiji na ya deltoid, msuli wa bega tunapochoma chanjo. Lunate haina mkia huo, ila luna ni mwezi. Kwa kawaida Kilatini hufuatana na Kilatini, Kigiriki na Kigiriki. Ndiyo sababu ncha ya chini ya mfupa wa kidari ina majina mawili, ensiform na xiphoid, na yote ni upanga.

Kwenye majani, cordate ni moyo: chuma jani la mtambuu ulitazame. Ovate na obovate zote ni yai, ila ovate imenenepa upande wa kikonyo, na ob- inaligeuza yai.

Kuwa makini na thyroid, tezi ya shingoni. Thyreos ni ngao, lakini ukiikagua tezi yenyewe ngao huioni. Jina lilikuwa la gegedu la kooni lililo juu yake, tezi ikalipata kwa ujirani tu.